Wafiwa Wasio na Maiti

Sogeza kiti, msomaji, ukae jirani nami kidogo. Najua una haraka, na pengine simu yako imejaa ujumbe wa shule ya mwanao ambao hujausoma. Usijali, sikusemi. Mimi ni mmoja wa wanaoandika ujumbe wa namna hiyo, na nataka nikueleze jinsi kazi hii inavyofanyika kwetu Likombe, na jinsi siku moja ilivyotuletea wafiwa shuleni bila ya maiti.

Ninafundisha shule ya msingi ya serikali, pembezoni mwa manispaa, mahali ambapo mji unaanza kujisahau: nyumba ya bati, kisha shamba la mihogo, kisha nyumba nyingine yenye dishi juu ya paa, kisha mikorosho mitupu. Asubuhi ninafundisha Kiswahili. Vipindi vikiisha nina kazi ya pili, isiyo na ofisi wala kiti: mimi ndiye mwalimu wa habari. Siku ya mtihani ikibadilika, wauguzi wa chanjo wakija, watoto wakitakiwa waje na mifagio, ni mimi wa kuhakikisha kwamba nyumba zao zinajua.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni ubao mweusi ulioegeshwa getini. Ninauandika kwa chaki, kwa herufi kubwa, na wasomaji wake wakubwa ni watu wasio na mtoto hata mmoja shuleni kwetu. Wanasimama na baiskeli zao, wanasoma hadi mwisho, wananipongeza kwa mwandiko, wanaondoka.

Njia ya pili ni grupu la wazazi kwenye simu. Hilo lina wenyewe. Ukituma tangazo la kikao, kabla halijasomwa mtu ameshaweka picha ya pweza anaowauza, na mwingine ameshauliza bei. Kuna mama aliwahi kujibu tangazo langu la chanjo kwa kuandika, "Niwekee wawili." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu nikijiuliza kama anasema watoto au pweza.

Njia ya tatu ni kinywa. Na msimu wa korosho ukifika, kinywa ndicho kinachobaki. Familia nyingi zinahamia mashambani kuokota, mtoto anaachwa na shangazi au anatembea kutoka mbali, na huko shamba mtandao ni wa kubahatisha. Upande wa Kilambo, karibu na Mto Ruvuma, simu yako inaweza kushika mnara wa ng'ambo ikakukaribisha Msumbiji huku umeketi mlangoni kwako unamenya mihogo. Basi tangazo linapanda lori, linashuka, linabebwa na mwenye baiskeli, linafika. Likifika zima, unamshukuru Mungu.

Sasa nikwambie habari ya binti mmoja.

Alikuwa darasa la tatu. Alipata homa kali alipokuwa mdogo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Shuleni kwetu alikaa dawati la mbele, akinakili kila kitu nilichoandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, bila kuelewa zaidi ya nusu. Mimi sikuwa na mafunzo ya kumfundisha mtoto asiyesikia. Nilichokuwa nacho ni nia njema na chaki, na hivyo viwili havikumtosha. Alikuwa mchangamfu, pengo kubwa mbele, mtundu wa kuwaigiza walimu wanavyotembea. Mimi alinipa alama yangu: anasugua vidole viwili kama mtu anayepukuta chaki, halafu anaweka mkono kiunoni.

Ndipo tukaletewa habari kwamba katika mkoa mwingine kuna shule ya bweni yenye walimu wa lugha ya alama, na kwamba kumepatikana nafasi moja. Jibu la familia lilitakiwa lifike Ijumaa ya wiki hiyohiyo, la sivyo nafasi ingepewa mtoto wa wilaya nyingine. Nilipoisoma habari ile nilitamani nipige vigelegele pale ofisini. Kisha nikakumbuka kuwa tayari ni Jumanne.

Jioni nikaenda kwao. Mama yake anauza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha karibu na kituo cha bajaji. Baba yake ni kibarua bandarini, na msimu ule alikuwa akirudi na vumbi la magunia ya korosho hadi kwenye nyusi. Tukaketi barazani, nikawaeleza polepole: shule iko wapi, watoto wanalala wapi, likizo wanarudije, wanafundishwa nini. Mama alikubali kabla sijamaliza. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga, akaniwekea sahani ya ming'oko mbele yangu.

Nikamgeukia baba.

"Mwalimu, mimi nimesharidhika," akasema. "Ila mimi ni baba tu."

"Baba tu ndiyo nini?"

"Na wewe mwalimu! Umezaliwa Mikindani au umezaliwa Ulaya? Mtoto ana wenyewe. Nimpeleke mbali mjomba wake hajui, siku akijikwaa kidole nitaulizwa na ukoo mzima."

"Na mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kukuuliza," mama akadakia.

Kama si mtu wa kwetu, nikufafanulie. Kwa Wamakonde wengi ukoo unafuata upande wa mama. Baba analea, analisha, anapendwa. Lakini jambo kubwa la mtoto, awe anakwenda jando au anaolewa au anasafirishwa, linamsubiri kaka wa mama yake. Sikuweza kubishana na hilo, na wala sikutaka. Mtoto mwenye watu wengi wa kumuulizia ana bahati.

Mjomba huyo alikuwa shambani kwake, upande wa Kilambo. Tukampigia simu, haikupatikana. Tukampigia tena tukajibiwa kwa Kireno. Baba akasema tusihangaike, asubuhi angempata bandarini dereva wa lori anayeshusha korosho na kurudi kulekule kuchukua nyingine.

Na kweli Jumatano akampata. Akamweleza yote: mtoto, shule, nafasi moja, Ijumaa. Dereva akasikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Lakini njia ni ndefu na ana mambo yake: matairi, foleni kwenye ghala la chama cha ushirika, mizani. Alipofika kwa mjomba jioni, hata injini hakuizima. Alichungulia dirishani akatoa kiini cha habari, kama alivyokiona yeye.

"Unaitwa Likombe. Kesho asubuhi, usikose."

Akaendelea na safari.

Hapa nisimame tena kidogo. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa njiani. Ni adabu, na ni huruma. Aliyefiwa akiwa mbali huambiwa tu, "Unaitwa nyumbani," ili apate nguvu ya kusafiri, mengine atayakuta. Na anayeitwa hivyo haulizi, kwa sababu ameshaelewa. Msimu wa korosho, mti umejaa, mnada umekaribia, nani atamwita mwanaume aache shamba kwa jambo dogo? Dereva alikuwa amesema kweli tupu, na kila aliyemsikia akafunga kanga kiunoni.

Alhamisi asubuhi nilikuwa getini nikiandika ubaoni: KESHO WATOTO WAJE NA MIFAGIO. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ikasimama nyuma yangu. Nilipogeuka nikaona wanawake wanashuka, vichwa vimefunikwa, mmoja na mfuko wa unga wa muhogo, mwingine na mkeka, mwingine amempakata jogoo kama mtoto. Mbele yao mwanaume mrefu, macho mekundu, kofia mkononi. Baadaye nilijua kwamba walianzia nyumbani, wakakuta mlango umefungwa, baba yuko kazini na mama kwenye biashara yake. Jirani akawaambia, "Kaulizeni shuleni, mwalimu ndiye aliyekuwa akihangaika." Neno shuleni likawamaliza nguvu. Sasa walijua kuwa ni mtoto.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Niliona wafiwa. Nikafanya alichofundishwa kila mtu wa pwani.

"Poleni sana," nikasema.

"Tumeshapoa," mwanaume akajibu kwa sauti ya chini. "Poleni na ninyi."

"Tumeshapoa."

Mwalimu mkuu akatoka ofisini. Ni Myao, mtu wa suruali zilizonyooshwa hadi zinakata upepo. Naye akaona kanga, akaona mkeka, akashusha mabega. "Poleni sana, ndugu zangu." Wakamjibu poleni nanyi. Akaagiza mikeka ya darasa la awali itandikwe barazani. Mama mpishi wa shule akaleta uji, akaugawa, kisha naye akakaa akafunika kichwa. Bibi mmoja akaanza kulia taratibu. Mpishi akamfuata.

Tulikaa hivyo muda wa kutosha uji kupoa. Mwalimu mkuu akaniinamia.

"Nani amefariki?" akanong'ona.

"Sijui. Nilidhani wewe unajua."

"Nitajuaje mimi? Wewe si ndiye mwalimu wa habari?"

Hakuna swali gumu kama hilo msibani. Ukiuliza unaonekana huna ubinadamu. Ni nani asiyejua anayemlilia? Mwalimu mkuu akakohoa, akamsogelea yule mwanaume mrefu, akatafuta njia ya adabu.

"Ndugu yangu, mazishi ni saa ngapi?"

Mwanaume akamtazama.

"Si ninyi ndio mtuambie?"

Baraza lote likageuza vichwa. Hata jogoo aligeuza chake. Na wakati huohuo kengele ya mapumziko ikagongwa, milango ikafunguka, watoto wakamwagika uwanjani. Yule binti hutoka mwisho siku zote, maana haisikii kengele. Huwaona wenzake wanasimama ndipo naye anasimama. Akatokea mlangoni, akakinga jua kwa kiganja, akaangalia barazani. Akaona kofia anayoijua. Akainua mkono na kuuzungusha hewani, kama mtu anayeizungusha korosho hadi itoke kwenye bibo lake. Hiyo ndiyo alama ya mjomba wake.

Mwanaume yule aliinuka, akakaa, akainuka tena. Binti alimfikia kwa mbio akamrukia kifuani, naye akamshika uso, akampapasa mabega na mikono na masikio, akaligusa lile pengo kwa kidole, kisha akacheka kicheko ambacho sijui nikieleze vipi. Fikiria mtu aliyebeba gunia tangu Kilambo, na ghafla limetoka mgongoni. Bibi aliyekuwa akilia akageuza kilio kikawa kigelegele katikati ya pumzi. Wengine wakampokea. Watoto mia wasiojua kitu nao wakashangilia, kwa sababu mtoto hahitaji sababu.

Mama yake binti akaingia getini anakimbia, kanga inaburuzika. Alikuwa ameambiwa kituoni kwamba kaka yake amekuja na mkeka wa msiba.

"Kaka! Mama yetu jamani, mama yetu!"

"Mama yetu yuko shamba anagombana na kuku," kaka akamjibu. "Wewe uliyeniita, umefiwa na nani?"

"Kwani mimi nimefiwa?"

"Basi hakuna aliyefiwa," mama mpishi akasema, akajifunua kichwa. "Na uji wangu mmekunywa."

Ndipo mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na haya tele usoni, akapata mlango wa kutokea. Wayao na Wamakonde kwetu ni watani, na utani ni dawa.

"Nilijua tu!" akapaza sauti. "Mmakonde amesikia harufu ya uji wa serikali tangu Kilambo, akaona atafute msiba wa kujia!"

"Nyamaza, Myao," mjomba akamjibu papo hapo. "Umekaa matanga mazima unalinda mkunjo wa suruali, hata maiti humjui! Siku nikifa usije, utampa pole asiyehusika."

"Nitakuja, kama kuna pilau."

"Pilau utaikuta, ila utaila umesimama, suruali isichafuke."

Tulicheka hadi tukashikana. Lakini mama yake binti hakucheka muda mrefu. Alinitazama, nami nikaelewa. Kesho ilikuwa Ijumaa.

Nikamketisha mjomba, nikamweleza lile ambalo lilidondoka njiani. Nilikwenda polepole, maana alikuwa ametoka kwenye kifo akarudi, na mtu wa namna hiyo humbebeshi mzigo mwingine kwa haraka. Alisikiliza huku binti amemkalia pajani. Nilipofika kwenye neno bweni, uso wake ukajikunja.

"Hapana, mwalimu."

Mama akainamisha kichwa.

"Sababu nikuulize, mjomba?" nikasema.

"Huko nani atasema naye? Tazama." Akamgeukia binti, mikono yake ikaanza kwenda. Ile mikono mikubwa yenye magamba ya utomvu wa korosho ilikuwa myepesi kama ya mshonaji. Akamuuliza kitu, naye akajibu. Akamtania, naye akampiga kofi la begani. "Hii tumeitunga sisi, tangu akiwa hivi. Shamba, mto, ndizi, mvua, bibi ana hasira. Baba yake anajua kidogo. Mama yake anajua zaidi. Wengine wote, na wewe mwalimu usinichukie, mnamchekea tu. Nimpeleke akawe bubu kwa watu asiowajua?"

Nikatoa simu yangu. Ile shule ilikuwa imetutumia video fupi: watoto wamekaa duara chini ya kibaraza, mmoja anasimulia kisa kwa mikono, wenzake wanaangua kicheko. Nikaifungua nikaiweka katikati yao wawili.

Binti aliinama hadi nywele zikagusa kioo. Mwanzoni alitazama tu. Kisha vidole vyake vikaanza kunyanyuka, polepole, vikifuata. Yule mtoto wa kwenye simu alifanya alama moja ya kula, na binti akamgusa mjomba wake haraka haraka: inafanana na yetu! Ikaja nyingine, hiyo hakuijua. Akairudisha video, akaitazama tena, akaijaribu, akaijaribu mpaka ikakaa. Kisha akainua macho. Ninakumbuka yale macho kuliko kitu chochote kingine cha siku ile. Mtoto aliyedhani nyumba yake ina chumba kimoja alikuwa ameoneshwa mlango.

Mjomba alitazama mikono ile, si simu.

"Kumbe," akasema. "Nilidhani lugha hii tuko wawili tu duniani."

Hakuna aliyemharakisha. Akamuuliza binti mwenyewe, kwa alama nilizoweza kuzifuata hata mimi: kule mbali, kulala, wale watoto, wewe? Binti akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Halafu akasita, akazungusha mkono hewani kama anayetoa korosho kwenye bibo, akanyanyua nyusi. Na wewe, mjomba?

Akamjibu kwa vidole viwili vinavyotembea juu ya paja, vikitoka mbali, vikifika, vikimtekenya.

"Aende," akamwambia dada yake. Kisha akanigeukia mimi. "Ila mwalimu, sikiliza sharti langu. Habari zake zinifikie. Na zikinifikia, zianze na uzima. Sitaki tena kufa nikiwa ndani ya kirikuu."

Yule jogoo wa matanga aliliwa mchana ule kwa furaha, na unga wa msiba ukasongwa ugali kwenye sufuria la shule. Baba aliingia na vumbi lake akakuta tunakula, akauliza kuna nini, shemeji yake akamwambia, "Kaa, tunakuzika." Yule bibi wa kigelegele akasoma dua ya safari. Jibu la familia nililituma mchana uleule, kabla hawajanawa mikono.

Sasa binti yuko kule. Mwalimu wake hunitumia habari, nami huziandika upya kwa maneno machache na kumpa dereva yuleyule. Dereva naye amejifunza. Anasema siku hizi akikaribia kona ya shamba, kabla hajapunguza mwendo, anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Wote wazima!" Ndipo anazima injini na kueleza: amejifunza kuhesabu kwa mikono, ameota meno, amemtungia mwalimu wake mkuu jina la kuchekesha. Watu wa mashamba ya jirani wameanza kusogea kusikiliza. Na ubaoni getini, juu kabisa, nimeyaandika maneno hayohayo mawili kwa rangi ya mafuta, ili mvua isiyafute. Habari ya wiki inakuja chini yake kwa chaki.

Kwa hiyo nawe, leo ukitaka kumwita mtu shuleni, awe baba, shangazi au mjomba aliye mbali, fanya hivi. Andika kwanza: wote wazima. Kisha taja mtoto, useme unachomwitia, na siku ya kuja. Mwambie atakayekubebea ujumbe akurudie maneno yote kabla hajaondoka. Akianza na uzima, mruhusu aende.